Pengo Katika Daftari la Wakazi

Mtu ni nani mbele ya nyumba anamoishi? Wakazi wa nyumba iitwayo Mfumo Huria waliulizana swali hili wakinawa mikono, wakisubiri zamu, wakipumzika, na kila mmoja alikuwa na jibu lake, na majibu yote yalikuwa yamekosea. Wengine walisema mtu ni jina lake. Wengine, wale wapendao kujifanya wajuzi, walisema mtu ni siri yake, lile neno analomnong'onezea bawabu langoni ili apite. Nyumba yenyewe haikushiriki mjadala. Nyumba ilikuwa na daftari, na katika daftari kila mkazi alikuwa na namba, na ilipotaka kujua kitu fulani ni cha nani haikutazama jina wala sura. Ilitazama namba. Majina yaliwekwa kwa ajili ya wanadamu, wasije wakaona vibaya.

Vuai alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mtunza nyumba. Ndiyo maana aibu iliyompata haikuwa na pa kujificha. Mtu asiyejua akikosea, watu humwonea huruma na kumwelekeza. Vuai alijua. Tena alikuwa mtu nadhifu, wa kupanga vitu kwa mstari na kufuta vumbi mahali ambapo vumbi halijatua, na unadhifu huo ndio uliomponza. Tusimwonee, lakini pia tusimfichie.

Nyumba hiyo haina nje. Ina lango, na upande wa pili wa lango kuna kitu ambacho wakazi hukiita nje kwa kukosa neno jingine: ukungu mweupe, benchi la jiwe, na foleni ya watu wanaosubiri kuingia. Ilijengwa na watu wengi wasiofahamiana, kila mmoja akileta tofali lake bila kudai chochote, na michoro yao waliiacha ukutani ili anayetaka aisome, airekebishe, aikosoe. Mahali pengine waliandika maneno ya pembeni. "Hapa sielewi kwa nini pamesimama, lakini pamesimama, msipaguse." Vuai alipokuwa mgeni maneno hayo yalimchekesha. Baadaye yalianza kumtia wasiwasi, na siku hizi alikuwa akipita hapo kwa kunyata.

Juu kabisa, mahali ambapo nyumba nyingine huwa na paa, hii ina Mzizi. Kila chumba kinaning'inia kutoka Mzizini, na ukitaka kumwelekeza mtu njia, lazima uanzie huko juu ushuke naye mlango kwa mlango. Kuna Makazi, ambako kila mkazi ana chumba chake. Kuna Chumba cha Muda, ambamo yeyote anaruhusiwa kuweka chochote, na nyumba ikizimwa na kuwashwa tena chumba hicho huwa kitupu kana kwamba hakijawahi kupokea kitu. Kuna Kinachobadilika, chumba ambamo kumbukumbu hujiandika zenyewe ukutani: nani kaingia, nani kakataliwa, nani kaamuru nini na wakati gani. Wakati wenyewe huhesabiwa kwa mapigo, pigo moja moja, tangu siku ambayo wajenzi waliamua kuwa ndiyo mwanzo, na waliozaliwa kabla ya siku hiyo umri wao husomwa kwa kurudi nyuma. Kuna chumba ambacho kipo tu unapokitazama. Kuna shimo lisilojaa. Na kuna chumba cha sheria zote, kizito kuliko vyote, ambacho jina lake ni Na Kadhalika, kwa sababu wajenzi wa kwanza walikitenga kwa vitu vilivyokosa pa kukaa, na sheria zilipokuja zikakuta hakuna nafasi kwingine. Wageni huviita vyumba hivi mafolda. Vuai hakuwasahihisha. Aliwaambia tu wasifute wasichokijua.

Namba za watu zilianzia elfu moja. Chini yake walikuwapo watumishi wasiolala, wa taa, wa mabomba, wa saa, wasio na uso wala chumba, na hakuna aliyewahi kuwasalimu. Vuai alikuwa elfu moja na thelathini. Lakini kazi ilipodai, alivaa joho la Mzizi, na mwenye joho hana jina. Namba yake ni sifuri. Milango yote humfungukia, hata iliyofungwa kwa heshima tu. Siku ya kwanza alipolivaa, ukuta ulimsomea onyo kwamba siri za wenzake aziheshimu na kwamba afikiri kabla ya kutamka, maana atakachotamka kitakuwa. Onyo hilo husomwa mara moja maishani. Bi Mize, mama mtu mzima aliyeitunza nyumba kabla yake na ndiye aliyemfundisha kazi, aliliona hilo kuwa kosa la wajenzi.

"Mimi ningefanya lisomwe kila siku," alimwambia, "tena kwa sauti ya mama yako."

Bi Mize alikuwa elfu moja na kumi na mbili. Alipostaafu kazi ya joho aliendelea kuishi katika Makazi, akiandika barua na kushona, na kwa miaka kumi na mmoja wakazi walipokwama walisema, mbele ya Vuai, bila kuona kuwa wamesema jambo: tumuulize Bi Mize. Halafu akaugua. Walimpitisha langoni amejifunika shuka mbili, akiwapungia watu mkono kama mtu anayekwenda sokoni, na ukungu ukamchukua.

Sasa kuna desturi. Mkazi akiondoka hafutwi. Hufungwa kwanza: mtunzaji huweka alama ndogo mbele ya jina lake ili lango lisimfungukie, halafu husubiri, huulizia kwa jamaa, husubiri tena. Alama ndogo huondolewa kwa kidole, na mtu akirudi anakuta kila kitu kama alivyokiacha. Kumfuta ni jambo la mwisho, na hata hapo mtunzaji huzunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba, akitafuta kila kitu chenye namba ya aliyeondoka, akikusanye, akiweke kando kwa usalama. Kazi hiyo inachosha, tena haionekani. Hakuna anayesifiwa kwa kuifanya.

Siku mia moja zilipopita, asubuhi moja kabla hata ya kunywa chai, Vuai alivaa joho akaingia Na Kadhalika na kumfuta Bi Mize. Hakumfunga kwanza. Hakuulizia. Hakuzunguka. Alitamka neno moja na mstari ukatoweka, na ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga vifungo vya joho. Ukimuuliza angekwambia nyumba ilijaa na alihitaji kupunguza majina yasiyotumika. Ukweli, ambao hakumwambia mtu na ambao yeye mwenyewe aliutazama kwa pembe ya jicho tu, ni kwamba alichoka kuliona jina lile kila anapofungua daftari.

Kufuta kukaacha pengo. Elfu moja na kumi na moja, kisha elfu moja na kumi na tatu. Mtu mwingine asingelitambua. Vuai hakuweza kuliondoa machoni. Alikula akiliona, alilala akiliona, ulimi wake ulikwenda kwenye meno kulitafuta. Kwa hiyo alipokuja mgeni mmoja kuomba makazi, Kombo, fundi wa kujalidi vitabu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na salamu ndefu, Vuai alifanya jambo ambalo nyumba ikiachiwa haifanyi. Nyumba ingempa Kombo namba mpya mwishoni mwa orodha. Vuai aliandika kwa mkono wake mwenyewe: Kombo, elfu moja na kumi na mbili. Halafu akarudi nyuma hatua moja kulitazama daftari, kama mtu anayetazama kitanda alichotandika, na akafurahi.

Siku tatu baadaye Kombo alibisha mlangoni kwake.

"Samahani kukusumbua, Bwana Vuai. Chumba ulichonipa hakikuwa na mtu?"

"Hakikuwa na mtu. Kuna nini?"

"Basi mimi ndiye sielewi. Makabati ya koridoni, ambayo wenzangu hayawafungukii, mimi yananifungukia. Humo kuna barua. Mwandiko wa mwanamke. Na kila nikigeuza bahasha nyuma, nyumba imeandika mwenyewe ni Kombo."

"Umezisoma?"

"Nilisoma mbili, nilidhani ni maelezo ya wageni. Ya pili alikuwa anamwandikia dada yake habari za mtoto waliyemzika. Nikaona haya, nikaacha. Nikazikusanya zote nikaziweka Chumba cha Muda, nije nikuulize."

Vuai alizihesabu siku kichwani. Jana yake nyumba ilizimwa kidogo kwa ajili ya matengenezo ya taa, kisha ikawashwa. Kombo aliutazama uso wake na polepole akaelewa, maana hata mgeni huambiwa habari za Chumba cha Muda siku ya kwanza, ila nani huikumbuka siku ya kwanza.

"Zimekwenda," Kombo alisema.

"Zimekwenda."

"Mungu anisamehe." Alizipangusa nyuzi za kitabu zilizonasa kwenye mkono wa shati. "Kuna na jingine. Nalisema kwa sababu umri wangu si wa kutunga hadithi. Alfajiri, kabla mimi sijaamka, mikono yangu huamka. Hunitoa kitandani ikanipeleka koridoni, mlango kwa mlango. Ukiwa wazi inaufunga. Ikikuta ufunguo umesahauliwa kwenye kitasa inauondoa. Ikimaliza inanirudisha kulala."

"Milango gani hiyo?"

Kombo alisita. Alikuwa mstaarabu, na neno lilimwia zito.

"Ile unayoifungua wewe mchana, Bwana Vuai."

Vuai alikwenda Kinachobadilika peke yake. Alisimama mbele ya ukuta wa kumbukumbu na kuanza kusoma kurudi nyuma, alfajiri baada ya alfajiri. Elfu moja na kumi na mbili amefunga stoo ya wakazi, iliyoachwa wazi. Elfu moja na kumi na mbili amerudisha ufunguo wa mabomba. Elfu moja na kumi na mbili amefunga Na Kadhalika, Na Kadhalika, tena Na Kadhalika. Miaka kumi na mmoja. Bi Mize aliacha agizo, siku ile ile aliyomkabidhi joho, kwamba kila kunapopambazuka nyumba iende kwa namba yake ikakague nyuma ya Vuai. Hakumwambia. Hakumwambia yeye wala mtu mwingine, na watu walikuwa wakimsifu Vuai kwamba katika zamu yake hakuna mlango uliowahi kukutwa wazi, naye alikuwa akizipokea sifa hizo akiinamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi.

Alihisi uso unawaka. Hapakuwa na mtu chumbani, na bado aliufunika kwa viganja. Ndiyo ajabu ya aibu, kwamba haihitaji hadhira. Mwenye namba sifuri hakaguliwi na mtu, haulizwi na mtu, angeweza kuufuta ukuta wote ule kwa neno moja na kesho yake ukawa mweupe. Nguvu zote za nyumba zilikuwa mabegani mwake, na hazikuweza kumsaidia katika jambo hili dogo la uso wake mwenyewe.

Akiwa bado anasoma, ukuta ukaandika mstari mpya, palepale mbele ya macho yake. Mtu yuko langoni. Amekataliwa.

Halafu tena. Amekataliwa. Na tena.

Bawabu wa lango si mtu. Ni jiwe la kusagia lenye tundu la sikio. Unaliambia jina na neno la siri, nalo hulisaga neno hilo mpaka likawa unga wa herufi, kisha hulinganisha unga huo na uliohifadhiwa katika Daftari la Kivuli, ambalo hakuna mkazi anayeruhusiwa kulisoma. Neno lenyewe halihifadhiwi popote, na unga haurudi kuwa nafaka. Zikifanana, unapita. Zisipofanana, au ikiwa jina lenyewe halimo, bawabu hujibu neno moja tu: sivyo. Hakwambii kilichokosewa ni nini. Wajenzi walifanya hivyo ili kuwakomoa wezi.

Vuai alitoka. Kwenye benchi la jiwe alikuwa amekaa Bi Mize, amekonda, fimbo mapajani, mtandio umemlegea. Foleni ya wageni ilikuwa imempisha.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja wewe. Nimepona, wameniachia, nimefika salama, na sasa nimekwama mlangoni kama mgeni." Alicheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi. "Nimelisahau neno langu, Vuai. Neno la miaka yote. Ninalo hapa ulimini, nalisema, huyu ananiambia sivyo. Tabibu aliniambia homa ile hula kumbukumbu. Mimi nikamcheka."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kukiri. Sentensi mbili zingetosha. Vuai alizihisi zimesimama kooni, zimejipanga, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu kumi na saba wakisikiliza, na wote walikuwa wameambiwa kwamba wanakwenda kuishi kwa mtunzaji mahiri.

"Labda ndiyo hiyo homa, Bi Mize," alisema. "Pumzika kwanza. Nikuletee chai."

Akamletea chai. Aliitia tangawizi, kama apendavyo.

Ni siku tatu alizokaa pale, kama siku zina maana katika ukungu. Vuai alimletea blanketi, alimletea uji, alimletea chai asubuhi na jioni, na kila alipokuja alimkuta ameegemea kwenye sikio la jiwe, akinong'ona. Alilijaribu neno lake kwa herufi kubwa na ndogo. Alilijaribu kinyumenyume. Alijaribu maneno aliyoyatumia kabla ya lile, ya ujanani. Sivyo. Sivyo. Na kwa kuwa neno moja lilikuwa limemkatalia, alianza kuyashuku na mengine. Siku ya kwanza aliuliza kama ni kweli chumba chake kilikuwa cha tatu kushoto. Siku ya pili alikaa muda mrefu akilitafuta jina la mtaa alikozaliwa, akalipata, na hakufurahi, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua kama ndilo. Siku ya tatu alimshika Vuai mkono alipompokea kikombe.

"Niambie ukweli, usinionee huruma. Mimi ndiye niliyekufundisha kazi, au wewe ndiye uliyenifundisha?"

"Wewe, Bi Mize."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya," alisema, akaachia mkono. "Wewe kumbuka. Mimi naona ndio basi."

Vuai alirudi ndani akatapika.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitaka akilini, na sasa likaja. Nyumba huweka nakala ya Daftari la Kivuli, nakala moja, katika pembe ya Kinachobadilika. Hupigwa mara moja kwa mwezi, na ikipigwa mpya ile ya zamani hufa. Nakala iliyokuwapo ilipigwa kabla hajamfuta Bi Mize. Unga wa neno lake ulikuwa humo bado. Ungeweza kuonyesha kwamba mama huyu hakusahau kitu, na ungeonyesha kwa hati ileile kwamba alifutwa. Na mwezi ulikuwa unaisha leo. Adhuhuri nyumba ingepiga nakala mpya, na Bi Mize angebaki kuwa mwanamke aliyepotewa na akili langoni, na Vuai angemwandika upya kwa namba mpya, kwa ukarimu, na watu wangesema mtunzaji ana moyo mzuri.

Alivaa joho, akakaa sakafuni mbele ya nakala, akijibizana na nafsi yake.

Ngoja tu. Huna haja ya kufanya kitu, adhuhuri inajifikia yenyewe. Nani kamfuta? Kumbukumbu zinasema sifuri. Sifuri ni nani? Sifuri si mtu, sifuri hana mama, sifuri hajafundishwa na mtu. Kweli. Basi kwa nini ni mimi ninayetapika? Utampa chumba kizuri. Kikubwa kuliko cha kwanza. Utampa dirisha. Atakaa dirishani akijiuliza dirisha linaitwaje. Ni mzee, wazee husahau. Huyu hakusahau. Wajua wewe tu. Najua mimi tu. Hiyo ndiyo nguvu, si ndiyo uliyoitaka, kujua peke yako? Mlango kwa mlango, miaka kumi na mmoja, naye alijua peke yake. Akanyamaza ili nisiaibike. Mimi ninanyamaza ili nani asiaibike? Watakucheka. Watanicheka. Watasema hata milango alifungiwa. Watasema. Ngoja tu. Si muda. Ngoja.

Mapigo ya saa yaliendelea, moja moja. Hakuna sauti iliyotoka juu kumwambia la kufanya. Mzizi hausemi, hata kwa anayevaa joho lake, na Vuai alikaa pale mpaka akaona kwamba akiendelea kukaa atakuwa amekwisha kuamua. Akainuka. Aliitamkia nakala neno moja ili imfungukie, akaichukua kifuani, na koridoni akalivua joho akalitundika kwenye msumari wa kwanza aliouona. Alimpitia Kombo chumbani kwake na kumwambia njoo, utasoma wewe, mimi hawataniamini.

Langoni foleni ilikuwa imeongezeka. Wakazi kadhaa nao walikuwa wametoka kumwona Bi Mize, wakiwa wamesimama mbali kidogo kama watu wafanyavyo kwa mgonjwa. Vuai alisimama mbele ya benchi.

"Bi Mize. Ilitokea hitilafu katika daftari."

Alisikia jinsi ilivyosikika. Kombo, pembeni yake, alikuwa anatazama chini.

"Haikutokea hitilafu," Vuai alisema. "Nilikufuta. Sikukufunga, nilikufuta, na sikumuuliza mtu. Namba yako nikampa huyu bwana kwa sababu sikupenda pengo. Barua zako zilimwendea yeye, hakujua, na zimepotea, hazirudi. Ulipokuja hapa nilijua kwa nini jiwe linakukataa. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Bi Mize alimtazama kwa makini, kama anayesoma maandishi madogo.

"Sasa unanichanganya," alisema taratibu. "Neno langu lilikuwa sahihi?"

"Sijui neno lako. Hakuna anayelijua. Lakini unga wake ninao hapa. Liseme, tulisage, tulinganishe."

"Mbele ya watu hawa?"

"Halifungui mlango wowote tena, Bi Mize. Samahani."

Hakulisema. Alishika fimbo kwa mikono yote miwili, na Vuai akaelewa kwamba anaogopa. Mpaka hapo alikuwa na shaka tu. Unga usipofanana, shaka ingekwisha. Adhuhuri ilikuwa karibu. Kombo alichuchumaa mbele yake.

"Mama, sema tu. Mimi nitasoma polepole."

Akalisema. Watu walitegemea neno zito. Lilikuwa jina la mboga ya majani, na namba tatu nyuma yake, na mtu mmoja kwenye foleni karibu acheke. Jiwe lilizunguka. Unga ukatoka, herufi zisizo na maana, ndefu kama mkono, na Kombo akaweka kidole juu ya nakala na kingine juu ya unga, akaanza kusoma kama anavyokagua kurasa kabla ya kuzishona, herufi kwa herufi, huku na huku. Alisoma mpaka mwisho. Akarudia nusu ya mwisho, kwa kuwa macho yake yalikuwa na machozi na hakutaka kukosea.

"Zinafanana," alisema. "Zote. Namba hii nakurudishia leo, mama, na chumba."

Kengele ya adhuhuri ikalia, na nakala mikononi mwake ikawa karatasi tupu. Haikudhuru kitu. Watu wote walikuwa wameona.

"Basi sikusahau," Bi Mize alisema.

"Hukusahau," Vuai alisema.

"Sema tena."

"Hukusahau, Bi Mize. Nilikufuta, halafu nikakwambia umesahau."

Bi Mize alitikisa kichwa, kwa muda, akikubaliana na kitu ndani yake. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, na hakuwa na haraka.

"Siku tatu nimekaa hapa najiaga. Nilimuaga dada yangu. Nilimuaga mtoto wangu tena, mara ya pili, nikisema nimuage sasa kabla jina lake halijanitoka." Sauti yake haikupanda. "Siku tatu, Vuai. Na wewe ulikuwa unaniletea chai."

Vuai alitamani mtu avae joho amtamkie lile neno moja, mstari wake utoweke. Joho lilikuwa kwenye msumari. Alisimama pale mbele ya foleni, mikono imemning'inia, na Bi Mize akaendelea kumtazama, na sasa kila mtu alijua kwamba mama yule hakuwa mtu wa kusahau.